Ukimfuata Mwenza Ughaibuni, Kazi Inaanzia Huku

Swali hili linaulizwa sana hapa chuoni, hasa na watu wa mwaka wa mwisho, na mara nyingi linaulizwa kwa sauti ya chini: mwenzangu yuko nje, anataka nimfuate, nikifika kule nitafanya kazi gani? Kijiweni majibu ni mawili tu. Wa kwanza atakwambia Ulaya ni Ulaya, wewe nenda, mengine utayajulia hukohuko. Wa pili atakwambia utaishia kubeba maboksi na digrii yako kwapani. Hakuna aliyekusaidia hapo. Wa kwanza hajui, wa pili anasema nusu ya ukweli na hakwambii kwa nini huwa hivyo.

Watu wa Mwanza swali hili linatuhusu kuliko tunavyokiri. Ukisimama juu ya mawe ya Igogo unaona viwanda vya samaki vilivyopangana kando ya ziwa, na minofu ya sangara inayotoka huko inapanda ndege kwenda Ulaya bila mtihani wa lugha. Binadamu ndiye mwenye masharti. Jiji letu lina udugu na jiji la Würzburg, Ujerumani, tangu mwaka 1966, na lina udugu pia na Tampere ya Finland. Madaktari wa Würzburg wameshirikiana na Bugando kwa miaka mingi. Tangu 2008 serikali ya Ujerumani ina mpango wa kujitolea unaoitwa weltwärts, unaowaleta vijana wao nchi kama yetu kwa mwaka mzima hivi, wakafundisha, wakasaidia zahanati, wakajifunza kula dagaa. Sasa kijana wa miaka 22 akikaa mtaani kwenu mwaka mzima, unategemea nini? Mapenzi yatatokea tu. Wengine wanawafuata Watanzania wenzao waliopata kazi au ufadhili wa masomo huko. Ndiyo maana katika makala hii nitaitumia Ujerumani kama mfano mkuu, kisha nitagusa nchi nyingine kwa kifupi.

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili: ukimfuata mwenza, wewe si mhamiaji wa kazi. Unaingia kwa karatasi yenye jina lako, lakini sababu yake ni mtu mwingine. Karatasi hiyo ndiyo inayoamua kama asubuhi ya pili unaweza kwenda kuomba kazi au utakaa dirishani ukihesabu theluji. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mshahara wa kule ni kiasi gani, uliza kibali chako kinaitwaje na kinasema nini kuhusu kazi.

Ujerumani hapa ina nafuu. Mume au mke aliyepewa kibali cha kuungana na familia anaruhusiwa kufanya kazi yoyote, ya kuajiriwa au ya kujiajiri, bila kuomba kibali kingine cha kazi. Finland nayo iko hivyo. Lakini usichukue sheria ya nchi moja ukaibandika kwa nyingine. Marekani, mwenza wa mwanafunzi aliyeingia kwa viza ya F-2 haruhusiwi kuajiriwa kabisa, na anayeingia kama mchumba kwa viza ya K-1 lazima afunge ndoa ndani ya siku 90, kisha aanze kusubiri ruhusa ya kazi. Uingereza, mwenza akishapata viza anaruhusiwa kufanya kazi, ila kipato kinachotakiwa kwa upande wa anayekualika kilipandishwa Aprili 2024 kutoka pauni 18,600 hadi pauni 29,000 kwa mwaka. Na tangu Januari 2024 mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya kawaida huko hawezi tena kuja na mwenza wake. Kanada ilibana pia Januari 2025: mwenza wa mwanafunzi hapati kibali cha wazi cha kazi isipokuwa anayemfuata anasoma shahada ya uzamili ya miezi 16 au zaidi, udaktari wa falsafa, au kozi chache za taaluma maalumu. Kwa nchi za Ghuba, viza ya familia kwa kawaida ni ya kukaa tu, kazi ina taratibu zake na mdhamini wake. Mtu akikwambia "nje", mwulize nje wapi.

Turudi Ujerumani. Kabla ya viza, sheria inataka uoneshe kwamba unajua Kijerumani cha hatua ya kwanza kabisa, ile inayoitwa A1. Kuna misamaha michache, kwa mfano mwenza wa mtaalamu mwenye Kadi ya Bluu ya Ulaya hadaiwi cheti hicho. Wengine wote, mtihani: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na unafaulu kwa alama 60 kati ya 100. Goethe-Institut iko Dar es Salaam, yaani zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa kwa basi. Hapo ndipo bajeti ya wengi inapoharibikia, kwa sababu mtu anahesabu ada ya mtihani na viza (euro 75), anasahau nauli, malazi Dar, na safari ya pili akifeli. Ushauri wangu, usiende kufanya mtihani kwa kubahatisha. Na usiishie A1. A1 inakuvusha ubalozini tu; mwajiri hana habari nayo. Ukifika na A2 au B1 kichwani, umeokoa karibu mwaka wa maisha yako. Wanafunzi wa chuo tuna faida moja: tumezoea kukariri usiku. Maneno ya Kijerumani hayazidi ugumu zile nadharia za mwaka wa pili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna anayelizungumza na ndilo linalochelewesha watu wengi kuliko lugha: majina. Sisi huku kanda ya ziwa herufi l na r tunazichanganya kama wali na maharage. Mtoto kaandikwa Mashauli kliniki, darasa la kwanza mwalimu akamwandika Mashauri, cheti cha kidato cha nne kina majina matatu, kitambulisho cha taifa kina mawili, pasipoti imeyageuza. Mwingine ni Magreth shuleni na Margareth kanisani. Hapa nyumbani tunacheka na mambo yanaenda. Ofisa wa ubalozi hacheki. Kwake hao ni watu wawili. Cheti cha kidato cha nne ndicho kigumu kubadilishwa, kwa hiyo kwa kawaida karatasi nyingine zote zinalazimika kulifuata jina lililo kwenye cheti hicho. Kuna hati ya kiapo, kuna hati ya kubadili jina inayosajiliwa, kuna kwenda RITA kurekebisha cheti cha kuzaliwa. Yote yanawezekana, ila yanakula miezi. Leo jioni toa vyeti vyako vyote, viweke kitandani, usome jina herufi kwa herufi. Mzazi yupo hai na anakumbuka ulizaliwa wapi? Fanya sasa.

Ndoa nayo ni karatasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kidini, ya kimila na ya bomani, lakini ubalozini inayotambulika ni ile yenye cheti. Watu wamelipiana mahari, ng'ombe wamehesabiwa mbele ya wazee, shughuli imefanyika Igogo nzima ikajua, na bado hakuna cheti. Ukitaka ya bomani, kumbuka inatakiwa kutoa taarifa siku 21 kabla, kwa hiyo mgeni aliyekuja likizo ya wiki mbili hawezi kufika Jumatatu akaoa Ijumaa.

Tuseme viza imetoka na umetua. Wiki mbili za kwanza baada ya kuhamia unatakiwa kujiandikisha makazi yako kwenye ofisi ya mji. Bila usajili huo, mambo mengi yanakwama: namba ya kodi, akaunti ya benki, kibali chenyewe. Kisha inakuja kozi ya ujumuishaji, masaa 600 ya lugha na 100 ya historia, sheria na maisha ya nchi, ambayo kwa wasiojua lugha huwa ya lazima. Wengi hukasirika: nimekuja na digrii, mnaniweka darasani na watu wanaojifunza kusalimia? Nenda. Mbali na lugha, darasa hilo ndilo kijiwe chako cha kwanza cha watu ambao hawakujui kama mke wa fulani au mume wa fulani.

Na hapa tuingie kwenye digrii yenyewe. Ujerumani inagawa kazi katika mafungu mawili. Kuna taaluma zinazolindwa na sheria: udaktari, uuguzi, ualimu wa shule za serikali, uwakili. Hizi huwezi kuzifanya mpaka mamlaka ya huko ikitambue cheti chako. Halafu kuna kazi nyingine zote, kama uhasibu wa ofisini, masoko, programu za kompyuta, ambapo sheria haikuzuii. Anayeamua ni mwajiri. Tangu Aprili 2012 kuna sheria inayompa mtu mwenye elimu ya nje haki ya kupimwa cheti chake, hata kama hana uraia wa Ujerumani, na ombi hilo unaweza kulianza ukiwa bado Mwanza.

Tuchukue muuguzi aliyesoma hapa. Watalinganisha masomo yake na ya kwao, somo kwa somo, saa kwa saa. Wakikuta pengo, watampa njia mbili: mafunzo ya kuziba pengo au mtihani. Na lugha, kwa uuguzi, huhitajika B2. Akivuka hapo anapata kazi, kwa sababu nchi ile inazeeka na wodi zina upungufu wa watu. Ila ili walinganishe saa kwa saa lazima awe na karatasi inayoonesha saa hizo. Cheti chenye muhuri peke yake hakitoshi. Wanataka orodha ya masomo, maelezo ya kila somo, na siku za mazoezi wodini. Kupata karatasi hizo ukiwa mita mia kutoka ofisi ya taaluma ni kazi ya wiki moja ya kupanga foleni. Kuzipata ukiwa Würzburg, kwa kumtuma mdogo wako aliye kidato cha pili, ni habari nyingine kabisa.

Mwanasheria wetu ana hali ngumu zaidi. Sheria haisafiri. Atalazimika kutafuta kazi pembeni: mashirika, ukalimani, ofisi za wahamiaji, au kusoma upya. Mwalimu wa Kiswahili na Historia vilevile. Shule za huko hazina somo la Kiswahili. Kiswahili kinafundishwa katika baadhi ya vyuo vikuu vya Ujerumani, kama Bayreuth, Leipzig na Hamburg, lakini nafasi hizo ni chache na zinatafutwa na watu wenye shahada za juu. Kwa waliosoma mambo ya kompyuta mlango uko wazi zaidi, maana pale wanaangalia unachoweza kufanya.

Kuna njia nyingine ambayo wenye digrii wanaidharau: mafunzo ya ufundi ya Kijerumani, yanayoitwa Ausbildung. Kwa kawaida ni miaka mitatu, siku fulani darasani, nyingine kazini, na unalipwa wakati unasoma. Najua mtu wa mwaka wa tatu hataki kusikia "anza upya". Lakini linganisha: miaka mitatu ya kufagia ghala usiku ukisubiri mtu aithamini digrii yako ya maendeleo ya jamii, au miaka mitatu unatoka na cheti ambacho kila mwajiri wa nchi ile anakijua. Mimi naona ya pili ndiyo heshima.

Kuhusu yale maboksi: ni kweli, wengi huanzia huko. Ghala, usafi, jikoni, kutunza wazee. Mwaka 2025 kima cha chini kilikuwa euro 12.82 kwa saa, na kuna kazi ndogo, zile mini-jobs, ambazo mwaka huohuo hazikutakiwa kuzidi euro 556 kwa mwezi. Hakuna aibu kwenye boksi. Shida ya kazi ndogo ni kwamba haikujengei sana pensheni wala bima ya kukosa ajira, na ukiizoea miaka minne, lugha yako inabaki ya "leta hii, weka pale".

Nimesema kibali kinasimama juu ya mtu mwingine. Pesa nayo inaweza kusimama hivyohivyo msipokuwa macho. Wanandoa Ujerumani huchagua makundi ya kodi. Mara nyingi mwenye mshahara mkubwa huwekwa kundi la tatu na mwenzake kundi la tano. Wa kundi la tano anakatwa kodi kubwa sana kila mwezi, ili mwingine akatwe kidogo. Hesabu ya mwisho wa mwaka inaweza kuwa ileile kwa nyumba nzima, lakini hati yako ya mshahara inaonekana ya kitoto. Halafu kiwango cha mafao ukikosa kazi, au posho ya mzazi ukijifungua, kinakokotolewa kutokana na ile pesa kidogo iliyobaki mkononi mwako. Mnaweza kuchagua wote muwe kundi la nne. Ongeeni mapema, kabla hujaanza kazi. Na akaunti ya benki, fungua yako.

Wanaume wanaowafuata wake zao, na wapo, wanabeba mzigo wa ziada unaotoka huku nyumbani. Mtaani watasema ameolewa, watasema marioo. Ukipiga simu kijijini wazee wanauliza "kazi ipi?" kabla ya "hujambo?". Matokeo yake mtu anakimbilia kazi ya kwanza ili aweze kutuma pesa mwezi wa pili, anaacha kozi ya lugha, na anakwama hapohapo. Kama familia yako inakupenda, waambie kabla ya kuondoka kwamba mwaka wa kwanza hakuna kitu. Sema wazi, hata kama itauma.

Halafu swali ambalo wapenzi hawapendi kuulizana: mkiachana? Kwa sheria ya Ujerumani, kibali chako kinakuwa chako mwenyewe baada ya kuishi pamoja kama wanandoa nchini humo kwa miaka mitatu. Kabla ya hapo, ndoa ikivunjika, kibali kinaweza kuondoka nayo. Ila sheria ina mlango wa dharura: ukiteswa au kupigwa, hulazimiki kuvumilia mpaka miaka mitatu ifike. Wapo waliotishiwa "nitakurudisha kwenu". Mwenza hana mamlaka hayo. Mwenye mamlaka ni ofisi ya wageni, na ofisi hiyo inatakiwa kusikiliza upande wako pia. Kwa wanawake kuna simu ya bure ya msaada, 116 016, usiku na mchana, na wana wakalimani. Pasipoti yako ikae kwako.

Baada ya miaka kadhaa litakuja suala la uraia. Tangu Juni 2024 Ujerumani inakubali mtu abaki na uraia wake wa zamani. Tanzania, kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kwa ujumla haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo kule wanakwambia shika vyote, huku unaambiwa chagua. Na uchaguzi huo unagusa ardhi, kwa sababu kwa kawaida asiye raia hamiliki ardhi hapa isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kile kiwanja cha Buhongwa ulichopanga kukijenga kwa euro za kwanza kinaingia kwenye hesabu hii. Serikali ilianza kuandaa hadhi maalumu kwa Watanzania wa ughaibuni waliochukua uraia wa nje. Fuatilia masharti yake kabla ya kusaini chochote.

Deni la Bodi ya Mikopo nalo linasafiri na wewe. Bumu ulilokula Mwanza linadaiwa hata ukiwa Würzburg, na usipolipa linakungojea.

Lililobaki ni la wale ambao bado wana muhula mmoja au miwili na mwenza anasukuma: njoo sasa, chuo utamalizia huku. Jibu langu ni hapana, maliza. Mfumo wa kutambua vyeti unapima elimu iliyokamilika. Mihula mitano bila cheti haina fungu lake mle. Tumia muda uliobaki kukusanya vitu: orodha ya matokeo yenye muhuri, maelezo ya kila kozi, na barua ya kila sehemu uliyofanya fildi, ikiwa na tarehe, kazi ulizofanya, saini na cheo cha aliyesaini. Waajiri wa Kijerumani wanasoma barua hizo kweli. Bosi wako wa fildi akikwambia "andika mwenyewe nitasaini", andika vizuri, na usidanganye, kwa sababu wanapiga simu.

Na kama mpango ni kinyume, yaani mwenza mgeni ndiye anayekufuata wewe hapa, usidhani sisi ni wepesi. Kibali cha kukaa hakimpi kazi. Sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 inataka kibali cha kazi kinachojitegemea. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa njia ya ndoa. Mwanamume wa kigeni aliyeoa binti wa Igogo hana mlango huo, atapitia njia ndefu ya mgeni yeyote. Dada zetu wa kitivo cha sheria, mada ya utafiti hiyo hapo.